Kuchunguza Muundo wa Violezo vya Tovuti kwa Ajili ya Kiswahili: Mazingatio kutoka Mpaka wa Rusizi

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Wilayani Rusizi, katika eneo la iliyokuwa Cyangugu, hadhi hiyo si suala la sheria tu, kwani wafanyabiashara wanaovuka kati ya Kamembe na Bukavu hukitumia lugha hii katika shughuli zao. Makala haya yanaeleza namna ya kubaini, kabla huduma ya mtandaoni haijatangazwa kuwa ina Kiswahili, kama kweli itawafaa watu hao.

Kurasa za tovuti nyingi huzalishwa kutokana na violezo. Katika Django, kiunzi cha kutengenezea tovuti kilichotolewa mwaka 2005, kiolezo hukatwa vipande, kisha vipande hivyo hupangwa kuwa mti wa nodi: za maneno ya kawaida, za thamani zitakazojazwa, za masharti, za tafsiri. Mtaalamu wa programu anaweza kuupitia mti huo bila kufungua ukurasa wenyewe. Kivinjari huonyesha tawi moja tu la sharti, ilhali mti unayo yote, ukiwamo ujumbe wa kukataliwa ambao aliyekubaliwa hauoni kamwe.

Neno lililo nje ya nodi ya tafsiri halimfikii mfasiri. Hilo hugunduliwa upesi. Zito zaidi ni la sarufi. Tuchukue nodi ya thamani inayobeba jina la hati, ikifuatwa na neno “imekubaliwa”. Leseni imekubaliwa, sawa. Lakini kibali kimekubaliwa, na ombi limekubaliwa. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hii, ndiyo maana mtunzi wa kiolezo haoni kosa. Mfasiri naye, hata awe hodari, amepewa kitenzi kimoja kwa ngeli zote. Utaratibu wa umoja na wingi uliomo katika Django hausaidii, kwa kuwa hutazama idadi, si ngeli. Dawa ni kumpa mfasiri sentensi nzima kwa kila aina ya hati.

Kiolezo kinachorithi kingine kina mtego wake: mti wake hauna yaliyomo katika kiolezo mzazi, ambacho huunganishwa wakati ukurasa unapozalishwa. Asiyemfuata mzazi ataacha menyu nzima bila kuikagua.

Maneno yaliyo nje ya tafsiri yanaweza kuorodheshwa na programu fupi. Upatanisho unahitaji mtu ajuaye ngeli, naye hana budi kutajwa katika mkataba wa kazi tangu mwanzo.