Tusisubiri Kijana Aharibike

Mzazi akiitwa shuleni moyo humwenda mbio. Mara nyingi huitwa kwa sababu mtoto amefeli, amepigana, au amekutwa na sigara. Je, ni lazima tusubiri mpaka hapo ndipo tukae na mtoto tuzungumze?

Wenzetu wa Hong Kong, mji mkubwa ulioko kusini mwa China, walilazimika kujiuliza swali hilo. Huko mtoto husifiwa sana kwa alama za mtihani, na wengi wakitoka shule huenda tena kwenye masomo ya ziada. Lakini katika miaka ya 2000 ketamini ilienea miongoni mwa vijana. Hiyo ni dawa ya usingizi ambayo madaktari huitumia wakati wa upasuaji. Ikitumiwa kiholela huharibu kibofu cha mkojo, hata kijana akawa anakwenda haja ndogo mara kwa mara, kwa maumivu makali, na pengine mkojo wenye damu. Alama nzuri hazikutosha kuwa kinga.

Mwaka 2005 ulianzishwa mpango uitwao P.A.T.H.S. kwa wanafunzi wa vidato vitatu vya kwanza vya sekondari. Mfuko wa hisani wa Hong Kong Jockey Club ulitoa dola za Hong Kong milioni 400. Wataalamu wa vyuo vikuu vitano, wakiongozwa na Profesa Daniel Shek, waliandaa masomo, na shule zaidi ya 200 zilijiunga.

Mpango huo ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wanafunzi wote, kwa saa 10 au 20 kila mwaka. Ya pili ilikuwa ya wale waliohitaji msaada zaidi, yapata mmoja kati ya watano. Kuanza na wote kulikuwa na busara yake: hakuna mtoto aliyenyoshewa kidole.

Walifundishwa nini? Kutambua hasira na huzuni na kuzieleza bila ugomvi. Kusimama tena baada ya kushindwa. Kuamua mema na mabaya. Kuwa na uhusiano mwema na wazazi na walimu. Kutafuta maana ya maisha na kuwa na matumaini. Walijifunza kwa michezo, majadiliano na kutafakari, wala si kwa kukariri.

Ili kupima matokeo, watafiti walichukua shule 48, nusu zikiwa na mpango na nusu bila mpango, wakawafuatilia wanafunzi kwa miaka kadhaa. Utovu wa nidhamu na matumizi ya ulevi viliongezeka kadiri watoto walivyokua, katika pande zote mbili. Lakini kwa waliofundishwa, viliongezeka polepole zaidi. Basi mpango huu haukuwa dawa ya kumaliza kila tatizo. Ulipunguza kasi yake, na hilo si jambo dogo.

Wazazi wapendwa, kinga ni bora kuliko tiba. Mambo hayo hayahitaji mamilioni ili yaanzie nyumbani. Jioni ya leo, kabla hujamwuliza mwanao amepata alama ngapi, mwulize siku yake ilikuwaje, nani alimfurahisha, na nani alimwumiza. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Mtoto aliyezoea kusikilizwa katika mambo madogo hatakuficha makubwa kwa urahisi.