Kuvu wanaolisha muhogo wa Mbamba Bay

Anayeshuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay huuona udongo ukibadilika. Juu, kwa Wamatengo, kuna kahawa na udongo mwekundu. Chini, kandokando ya Ziwa Nyasa, mchanga ni mwingi na muhogo ndio tegemeo la chungu cha ugali. Muhogo huo unapata wapi nguvu mahali ambapo mahindi yasiyo na mbolea hudumaa?

Sehemu ya jibu imejificha mizizini. Mizizi ya muhogo inayotafuta chakula ni michache, minene, na vinyweleo vyake ni vifupi. Peke yake haifiki mbali. Basi mmea hushirikiana na kuvu, ndugu wa mbali wa uyoga, ambao huingia ndani ya mzizi na kutandaza nje yake nyuzi nyembamba kuliko unywele. Ushirikiano huo huitwa mikoriza, jina lililotungwa mwaka 1885 na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank.

Kinachotafutwa zaidi ni fosforasi. Hiyo haitembei udongoni kwa urahisi. Mzizi ukishamaliza iliyo jirani yake, milimita moja au mbili tu, hukaa na njaa hata kama kuna nyingine sentimita chache mbele. Nyuzi za kuvu huvuka pengo hilo na kuileta. Mmea nao hulipa kwa sukari inayotengenezwa na majani, na bei si ndogo: inaweza kufika sehemu moja ya tano ya sukari yote. Watafiti nchini Kolombia walipopanda muhogo kwenye udongo ulioondolewa kuvu, ulidumaa mpaka ukatiwa fosforasi nyingi sana.

Hata hivyo kuvu si wachawi. Hawaumbi fosforasi, udongo uliokamuliwa miaka mingi bila kurudishiwa chochote utawashinda hata wao. Samadi au mbolea kidogo bado inahitajika. Ikizidishwa ya fosforasi, mmea hupunguza kuwalisha wenzake hao, na mkulima anabaki kulipia dukani kazi iliyokuwa ikifanywa kwa sukari.

Wala si kila mboga inawahitaji. Kabichi, sukuma wiki na mchicha kwa kawaida hazina urafiki nao. Kipande kinachopandwa kabichi msimu baada ya msimu huwanyima kuvu mwenyeji, kwa hiyo ni busara kuzungusha na maharage, kunde au mahindi. Kulima kwa kina kila mara hukata nyuzi zao, na shamba lililoachwa tupu muda mrefu huwaacha na njaa.

Hapo ndipo ngoro za Wamatengo zinapostahili heshima. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba, wanawake huzifukia kwa udongo na kupanda. Nyasi zinaoza badala ya kuchomwa, na mashimo yanashika maji kwenye mteremko.

Msituni kuna mikoriza ya aina nyingine. Kuvu wa miti ya miombo na wa misuku huvika ncha za mizizi kama soksi, na mvua zinapoanza huchomoza juu wakiwa uyoga, ukiwamo ule wa njano ambao akina mama huujaza vikapuni. (Uyoga wa vichuguu ni habari nyingine, huo hulimwa na mchwa.) Uyoga wa miombo hauoteshwi kwenye majani makavu nyumbani kama uyoga mamama, kwa sababu chakula chake hutoka kwenye mti ulio hai. Miombo ikikatwa kwa mkaa na visiki kung'olewa, kitoweo hicho kinaondoka nayo. Watoto wanaookota wasiachwe peke yao: msitu huohuo una uyoga unaoua, na kuupika hakuondoi sumu.

Misindano nayo, miti ya kigeni, ilipoletwa sehemu nyingi za Afrika miche ilikuwa inageuka njano na kudumaa, mpaka ulipochukuliwa udongo wa misindano ya zamani na kuchanganywa kitaluni. Familia inayootesha miche ya misindano au misuku inaweza kufanya vivyo hivyo: konzi chache za udongo kutoka chini ya mti mzima wa aina hiyohiyo, wenye afya, zichanganywe na udongo wa viriba kabla ya kupanda mbegu.