Sauti Katika Pikapu: Ufundi wa Jua Kali na Lugha Yake, Mosocho Ikiwa Kielelezo

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Kwa kawaida methali hiyo huelekezewa mtu mwenye maneno mengi na maarifa haba. Kwa fundi anayetia redio na spika katika pikapu, hata hivyo, maana yake ni ya moja kwa moja: bati lisilotulizwa huvuma, na mvumo huo huiharibu sauti. Makala haya yanafafanua jinsi mfumo wa sauti unavyojengwa katika gari la aina hiyo, kisha yanachunguza istilahi ambazo Kiswahili kinampa fundi. Mosocho, kituo cha biashara kilicho nje kidogo ya mji wa Kisii, imeteuliwa kuwa kielelezo kwa kuwa Gusii ni nchi ya vilima na mashamba, na pikapu ni chombo cha kila siku. Hupeleka ndizi sokoni, na ikifungwa spika juu hutangaza mikutano ya injili na ya siasa.

Usuli wa ufundi huu

Kuliunda gari upya kwa mikono si jambo geni nchini Kenya. Matatu zilipopewa ruhusa ya kubeba abiria bila leseni maalumu mwaka 1973, nyingi miongoni mwa zilizofuata zilikuwa pikapu zilizojengewa bodi ya bati na mabenchi mawili ya kutazamana. Kazi ya namna hiyo ilifanywa na mafundi wa jua kali, sekta ambayo serikali iliitungia waraka wa sera mwaka 1992. Muziki katika matatu ukawa kivutio cha abiria, na ujuzi wa kuufunga ukaenea hadi kwenye magari ya watu binafsi.

Kazi ya kwanza ya fundi mara nyingi ni redio yenyewe. Magari mengi huagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na kwa miaka mingi redio za huko zilitengenezwa kupokea masafa ya FM ya megahezi 76 hadi 90 tu. Kenya hutumia 88 hadi 108. Kwa hiyo mwenye gari la Mosocho anaweza kukosa Egesa FM au Minto FM, zinazotangaza kwa Ekegusii, ingawa redio yake ni nzima. Fundi hutia kifaa kidogo kwenye waya wa eriali ili kuyateremsha masafa. Kikiteremsha kwa megahezi 12, stesheni ya 100 husikika kwenye 88.

Kasha na bati

Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Inaposukuma mbele, nyuma huvuta. Mawimbi hayo mawili yakikutana hufutana, hasa yale ya besi. Wimbi la masafa ya hezi 40 lina urefu wa takribani mita 8.5, hivyo hulizunguka umbo la spika bila taabu. Kasha hujengwa ili kuyatenga mawimbi hayo. Ndiyo sababu spika ya bei ghali iliyoachwa wazi hushindwa na ya bei nafuu iliyofungwa katika kasha imara.

Pikapu ina tatizo la pekee: haina buti. Kasha hulazimika kuwa jembamba, likae nyuma ya kiti au chini yake. Likiwekwa kwenye kichanja cha mizigo hukabiliwa na mvua, ambayo Gusii haiadimiki, na plaiwudi iliyolowa hufura na kuachana. Fundi mwangalifu hutumia ubao mnene wa milimita 18 hivi, huziba viungo kwa gundi na silikoni, kisha hubandika tabaka zito ndani ya milango ili bati lisivume.

Umeme: panapo hatari

Betri ya gari ina volti 12, na injini inapowaka volti hupanda hadi 14 hivi. Amplifaya inayotoa wati 600 huhitaji zaidi ya ampea 50, kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto. Waya mwembamba hauwezi kubeba mzigo huo. Huchemka, ganda lake likayeyuka, na gari likashika moto. Fyuzi huwekwa karibu na betri, wala si karibu na amplifaya, kwa kuwa kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya. Waya wa hasi nao hufungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. La sivyo, spika hulia pamoja na injini.

Kosa jingine huhusu kuunganisha. Spika mbili za omu 4 zikiungwa kwa mfululizo hutoa omu 8. Zikiungwa sambamba hutoa omu 2. Amplifaya iliyoundwa kwa omu 4 inaweza kuungua ikibebeshwa mzigo wa omu 2.

Aidha, wati nyingi si dawa. Kuziongeza maradufu huongeza desibeli 3 pekee, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Hasara kwa sikio lenyewe ni kubwa: desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, lakini 100 kwa takribani dakika 15 tu. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zilitungwa kwa sababu za namna hii.

Suala la istilahi

Msamiati wa karakana umeingia kwa njia mbalimbali. Utohozi umeleta spika, fyuzi, betri na amplifaya. Upanuzi wa maana umeyapa kazi mpya maneno kama kasha na sambamba. Kiswahili nacho kimekuwa daraja: neno gari, lenye asili ya Kihindi, limeingia katika Ekegusii kama egari, wingi chigari.

Tatizo liko kwenye kipaza sauti. Neno hilo hutumiwa kwa chombo kinachopokea sauti na kuifanya umeme, na pia kwa kile kinachopokea umeme na kuufanya sauti. Vyombo hivyo hufanya kazi kinyume kabisa. Kikuza sauti, kwa maana ya amplifaya, huongeza utata, kwani kupaza na kukuza hukaribiana. Mafundi wameutatua utata huo kwa kusema spika, maiki na amplifaya, na wanaisimu hawana sababu ya kuwabeza. Spika wa bunge hachanganywi na spika ya gari, maana upatanisho wa kisarufi huwatenganisha.

Hitimisho

Katika shule za upili za Kenya, fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali karakanani huzungumzwa Kiswahili, Sheng na Ekegusii. Mwanafunzi hujua kanuni bila kuigusa waya. Fundi huigusa waya pasi na kupewa kanuni kwa lugha yake. Pengo hilo hulipwa kwa amplifaya zilizoungua na magari yaliyoteketea. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya sayansi mwaka 1990, lakini kamusi iliyo maktabani haimfikii aliyeinama chini ya dashibodi. Mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi hapo: aende karakanani na daftari, ayanakili maneno yanayotumika, na arudi na maelezo mafupi ya sambamba, mfululizo na fyuzi ambayo fundi ataweza kuyabandika ukutani.