Mayi ya Kuogea: Tuyamwage Wapi?



Kila siku mnateka mayi ku pompi ama ku kisima, mnayabeba kichwani, mnayapasha moto, mnaoga, mnaosha watoto, mnafua nguo. Kisha kazi hiyo yote, je, mayi yale yanakwenda wapi? Wengi wanajibu: «Tunamwanga tu inje. Ni mayi ya sabuni, haina mubaya.» Tuangalie vizuri kama jibu hilo ni kweli.

KUNA NINI NDANI YAKE?

Mayi ya kuogea hubeba uchafu wa mwili. Kama umeogesha mtoto anayehara, ama umefua vitambaa vyake, mayi yanabeba pia vidudu vya ugonjwa wake. Sabuni haiviui vyote. Ukiyamwaga karibu na kisima, yanashuka polepole katika udongo na kurudi ndani ya ndoo. Mayi unayomwaga leo, jirani yako atayanywa kesho.

Kipindupindu tunakijua. Mwanzoni mwa mwaka 2008 kilishika watu wengi wa Lubumbashi na Likasi. Ugonjwa huo hupita kwa mayi na chakula vilivyochafuliwa na mavi ya mgonjwa.

Tena kuna mbu. Mayi machafu yanayosimama nyuma ya nyumba ni kitanda cha mbu wanaotusumbua usiku. Mbu wa malaria yeye anapenda zaidi mayi safi yaliyosimama, kama yale ya mvua. Lakini shimo lile lile ulilochimba kwa kumwaga kila siku mahali pamoja, mvua italijaza. Yai la mbu huhitaji siku 7 mpaka 14 tu kuwa mbu kamili. Basi, mayi yasisimame hata juma moja.

KABLA YA KUMWAGA

Mwezi wa 6 na wa 7 baridi yetu ni kali, na kila nyumba inapasha mayi. Watoto wengi huungua siku hizo.

1. Mayi ya moto yaache yapoe kabla ya kuyabeba. Mtu mmoja asibebe basani nzito yenye mayi ya moto huku watoto wanacheza miguuni pake. Yapunguze kwa kikombe kwanza.

2. Usiache basani, ndoo wala pipa yenye mayi mahali mtoto mdogo anapofika. Mtoto anaweza kuzama katika mayi ya kina cha vidole vichache tu, wala hatapiga kelele. Mwondoe mtoto kwanza, mwaga mayi, kisha geuza chombo chini juu.

3. Mtoto akiungua, mwagia pale palipoungua mayi safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta, wala dawa ya meno, wala unga. Funika kwa kitambaa safi, umlete hospitali.

SHIMO LA MAWE

Usimwage katika njia, wala ku lupango ya jirani, wala chini ya ukuta wa nyumba: ukuta wa matofali mabichi utalainika na kuanguka. Usiyamwage yote katika choo cha shimo: choo kitajaa upesi, na kuta zake zinaweza kubomoka.

Chimba shimo lake peke yake. Fanya hivi:

1. Chagua mahali palipo chini kuliko kisima, na mbali nacho mita 30 ama zaidi, yaani hatua kubwa 30 za mtu mzima. Usisahau kisima cha jirani. Uwe pia mbali na ukuta wa nyumba, hatua 5 ama 6.

2. Jaribu udongo kwanza. Chimba kishimo kidogo, ukijaze mayi. Yakinywewa, ujaze tena mara ya pili. Kama safari ya pili mayi yanabaki kutwa nzima, udongo ule haunywi. Tafuta mahali pengine.

3. Chimba shimo la mita 1 kila upande, na mita 1 kwenda chini. Kati ya chini ya shimo na mayi ya ardhini ibaki mita moja na nusu. Kumbuka kwamba wakati wa mvua mayi ya ardhini yanapanda.

4. Lijaze mawe makubwa chini, madogo juu. Usitie udongo katikati yake.

5. Juu weka kikapu ama ndoo kuukuu iliyotobolewa, yenye majani makavu ndani. Majani yatashika mafuta na nywele. Yabadilishe kila juma, na yale ya zamani uyazike.

Mwaga kidogo kidogo. Pipa la litre 200 likimwagwa mara moja, mayi yanaweza kupita juu ya mawe na kukimbia uwanjani.

NYUMBA ZENYE BAFU KUBWA

Katika nyumba nyingine, mayi ya bafu yanashuka pamoja na ya choo katika fosi septiki, yaani shimo la simenti. Humo uchafu unatakiwa kutulia na kuoza. Ukifungulia mayi mengi kwa nguvu, yanausukuma uchafu nje kabla haujatulia. Fungua kidogo, ngoja, fungua tena. Usifue wakati ule ule.

Dawa nyingi ya klori pia ni mbaya kwa fosi, kwa sababu inaua vidudu vidogo vinavyoozesha uchafu. Kama mayi ya kuogea yana klori kidogo, yaache wazi siku moja ama mbili, mpaka harufu iishe, ndipo uyamwage. Usiyamwage mtoni, klori inaua samaki. Wala usichanganye klori na asidi ya kusafishia choo: hutoka hewa yenye sumu inayochoma mapafu.

NGUO ZA MGODI

Mgodi wa Kipushi ulianza katika miaka ya 1920, ukasimama mwaka 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Vumbi lake halikusimama. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vyake wana kobalti nyingi sana katika mkojo wao, na watoto zaidi.

Kwa hiyo nguo za mchimbaji zikung'utwe mbali na nyumba, zifuliwe peke yake, si pamoja na za mtoto. Mayi yake usinyweshee lenga-lenga wala sombe. Madini hayaozi kama uchafu mwingine; yanabaki katika udongo wa bustani, na mboga zinaweza kuyarudisha sahanini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Kutoka mahali tunapomwaga mayi mpaka kisimani, ni hatua ngapi? Na mpaka kisima cha jirani?
Je, nyuma ya nyumba kuna mayi yaliyosimama tangu juma lililopita?
Nani anamlinda mtoto wakati mayi ya moto yanabebwa?

Mama akichimba peke yake atachoka. Baba na vijana washike jembe. Kazi ya siku moja au mbili yatosha kulinda kisima cha malupango mengi.