Kuzingirwa kwa Albertville, 1892: Boma, Ngome na Lugha Iliyobaki

Wanafunzi wakitajiwa mji uliozingirwa na maadui, hufikiria nchi za mbali. Wamongolia walikaa mbele ya Xiangyang, nchini China, tangu 1268 hadi 1273. Lakini Kalemie nayo, ilipokuwa ingali ngome ndogo iitwayo Albertville, ilizingirwa, na tukio hilo linatuhusu sisi tunaosoma lugha. Nitaeleza kwanza yaliyotokea, kisha maneno yaliyobaki.

Mwishoni mwa 1891 kapteni Mbelgiji, Alphonse Jacques, alijenga ngome kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ikapewa jina la mwanamfalme Albert. Alitumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, kilichoanzishwa 1888 kufuatia kampeni ya Kardinali Lavigerie. Kusini, upande wa Mpala, alikuwapo Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa aliyelinda misheni za Mapadre Weupe. Aliyepambana nao alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, tajiri wa Ujiji mwenye asili ya Oman, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Alijulikana zaidi kwa lakabu yake, Rumaliza, ambayo huhusishwa na kitenzi *kumaliza*.

Aprili 1892 watu wa Rumaliza waliizingira ngome. Walijenga boma lao karibu nayo, wakakaa. Mwenye kuzingira si lazima avunje ukuta. Akifunga njia, anaiachia njaa, maradhi na upungufu wa baruti vimfanyie kazi. Mwezi wa Agosti msafara wa Alexandre Delcommune, uliokuwa ukirudi kutoka Katanga, ulifika na kulishambulia boma hilo, lakini haukulivunja. Mzingiro ulidumu miezi kama tisa, mpaka ulipofika msaada mwingine uliotumwa kutoka Ubelgiji. Januari 1894 Rumaliza alishindwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis, akakimbilia eneo la Wajerumani.

Sasa tuje kwenye maneno. Kule China, mitambo mikubwa ya kurusha mawe iliyouvunja upinzani wa Xiangyang ilitengenezwa na mafundi Waislamu kutoka Uajemi. Wachina wakaiita *huihui pao*, yaani mitambo ya Waislamu. Vita vilikwisha, jina likabaki likionyesha nani alikuwapo. Kwetu pia maneno ni mashahidi.

Chukueni *boma*. Kwa watu wa Rumaliza lilikuwa uzio wa vita. Wasafiri wa Ulaya waliliingiza neno hilo katika maandishi yao ya Kifaransa na Kiingereza. Baadaye, huko Tanzania, likawa jina la ofisi ya serikali ya wilaya. Ukifuata maana zake unaona jinsi utawala ulivyohamia ndani ya kuta za vita. Au tazameni *zingira*: kitenzi hichohicho cha kuzunguka mji kwa silaha ndicho kilichotupa *mazingira*, yale yanayotuzunguka kila siku.

Neno lenye uzito zaidi ni *Kingwana*, jina la zamani la Kiswahili cha Kongo. Linatokana na *waungwana*. Pwani, mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Huku bara, jina hilo lilitumiwa na wafuasi wa matajiri wa misafara, na wengi wao walikuwa watumwa, au watoto wa watu waliotekwa. Walijiita kwa jina la kile walichonyimwa. Nayo dola iliyomshinda Rumaliza ilijiita Huru, huku ikiwalazimisha watu kuvuna mpira kwa mjeledi. Pande zote mbili zilivaa jina la uhuru. Wanakijiji wa ufuo huu waliwekwa katikati.

Kuna jambo ambalo ripoti za Wabelgiji haziliweki mbele. Misafara kama ya Jacques ilipitia Zanzibar, na huko ndiko ilikoajiri askari na wapagazi. Kwa hiyo Kiswahili kilisemwa nje ya ngome, na ndani pia. Waliopigana waliweza kuelewana matusi yao.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema kwamba Kiswahili si chetu, kwamba ni lugha ya wauza watumwa tuliyoachiwa. Ni kweli kilikuja na misafara hiyo, na hatupaswi kuficha hilo. Lakini hakikubaki kama kilivyokuja. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo husikika *batu* mahali pa *watu*. Hilo *ba-* halikutoka Zanzibar. Ni kiambishi cha Kitabwa, cha Kiluba na cha Kiholoholo, lugha za wenyeji. Watu ambao hakuna aliyewauliza kitu mwaka 1892 waliichukua lugha ya wenye bunduki, wakaipa sarufi yao. Leo Katiba ya 2006 inaitaja kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa.

Mwalimu anapomsahihisha mtoto wa Kalemie aandike *watu* kwa ajili ya mtihani, afanye hivyo, maana Kiswahili sanifu kina faida yake. Asimwambie tu kwamba *batu* ni kosa la mtu asiyejua. Amwambie limetoka wapi. Nasi wa kitivo hiki tuna kazi iliyo karibu kuliko Xiangyang: kurekodi wazee wa ufuo wanavyosema, na maneno gani wanayatumia kwa vita, kwa utumwa na kwa uhuru. Barua za Jacques na wenzake zimehifadhiwa Ulaya. Kumbukumbu za upande huu zimo katika vinywa vya watu, na wazee hawatungoji.