MAFUTA YA KARAFUU: TUTAYAJUAJE YA KWELI?

Hapa kwetu Bofu, jino likimuuma mtu usiku, kabla hajafikiria kuvuka feri kutafuta daktari, ataambiwa, "Weka karafuu!" Wengine hununua mafuta yake kwa wachuuzi, katika kichupa kisicho na jina wala maelezo. Je, ndani ya kichupa hicho mna nini hasa? Nitajaribu kujibu kwa Kemia hii hii tunayofundishwa darasani.

Kwanza kabisa, mafuta haya hutoka wapi? Karafuu ni tumba la ua linalochumwa kabla halijachanua. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Unguja na Pemba ziliupanda kwa wingi katika karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza. Huko Pemba, mahali paitwapo Wawi karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha kukeneka mafuta. Mvuke hupitishwa kwenye makonyo, yaani vile vijiti vya karafuu, nao hubeba mafuta. Ukipozwa, hugeuka maji na mafuta hujitenga.

Harufu ile kali hutokana na kitu kiitwacho yujenoli. Katika mafuta ya karafuu huwa kiasi cha asilimia 70 hadi 90. Imo pia katika majani ya mdalasini na baadhi ya aina za mrehani. Fomula yake ni C10H12O2. Hebu tupige hesabu: kaboni 120, haidrojeni 12, oksijeni 32. Jumla ni 164.

Sasa tuje kwenye upimaji. La kwanza ni rahisi. Tia matone machache ndani ya gilasi ya maji. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hivyo huzama. Mafuta ya kupikia huelea. Kichupa kilichochanganywa mafuta mengi ya kupikia hujifichua hapo hapo.

La pili ni la maabara, mwalimu akiwepo. Maji ya bromini yakitiwa yujenoli hupoteza rangi, kwa sababu molekuli yake ina kifungo maradufu. Lakini ngoja kwanza! Mafuta mengi ya kupikia nayo hufanya vivyo hivyo, basi jaribio hili peke yake halitoshi. Yayeyushe mafuta katika alkoholi, kisha tia tone la kloridi ya chuma. Yujenoli ni jamii ya fenoli, hivyo huleta rangi ya kijani iliyokolea. Mafuta ya kupikia hayafanyi hivyo.

Wataalamu wana mashine ya kromatografia ya gesi, ambayo hutenganisha kila kitu kilichomo katika mafuta. Mashine ya kupima uzito wa molekuli ikiunganishwa nayo, yujenoli huonyesha ile ile 164 tuliyoipata kwa kalamu.

Kwa nini nijisumbue hivi? Ni kwa sababu ya watoto. Ni kweli yujenoli hutia ganzi, na madaktari wa meno huichanganya na oksaidi ya zinki kuzibia meno kwa muda. Lakini hata mafuta halisi yana hatari: mtoto mdogo akinywa kijiko kimoja au viwili vya chai anaweza kuzirai na ini lake kudhurika. Kwa hiyo, mafuta kuwa ya kweli si ruhusa ya kuyanywa.

Basi wenzangu, tuwaeleze mama na bibi zetu nyumbani, kwa adabu: kichupa kiwekwe mbali na watoto, na jino linaloendelea kuuma lipelekwe kwa daktari. Karafuu hutuliza maumivu tu, tundu la jino hubaki pale pale. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya athari.