Kristo Mfalme katika Nchi Isiyo na Mfalme



Katika Dominika ya mwisho ya Mwaka wa Kanisa tunaadhimisha Sherehe ya Bwana Wetu Yesu Kristo, Mfalme wa Ulimwengu. Papa Pius wa XI aliianzisha mwaka 1925 kwa waraka wake Quas Primas. Wakati huo falme za Ujerumani, Austria na Urusi zilikuwa zimekwisha kuanguka, na watawala wapya walikuwa wameanza kudai utii ambao mwanadamu anapaswa kumpa Mungu peke yake. Sisi tunaoishi katika jamhuri, tunakiri nini tunapomwita Kristo Mfalme? Ili kujibu vema, tuanze kwa kuufahamu ufalme wenyewe.

Mfalme hupataje kiti chake?

Ufalme ni mfumo wa utawala ambamo mtu mmoja ni mkuu wa nchi, na kwa kawaida hushika cheo hicho maisha yake yote. Mara nyingi hukipata kwa kurithi. Lakini urithi una njia nyingi. Hapa Uluguru ukoo hufuata upande wa mama. Hivyo mrithi wa mkuu ni mtoto wa dada yake, naye hurithi pamoja na cheo jina lenyewe. Ndiyo maana jina la Kingalu wa Kinole, aliyeheshimiwa kwa matambiko ya mvua, limebebwa na watu wengi, kizazi baada ya kizazi, na leo soko kuu la mji wetu linaitwa kwa jina hilo. Aidha, katika karne ya 19 mji wa Morogoro ulitawaliwa na Kisabengo, na baada yake na binti yake, Simbamwene.

Upo pia ufalme wa kuchaguliwa. Mfano ulio karibu nasi ni Mji wa Vatikano, dola tangu mwaka 1929, ambao mkuu wake ni Baba Mtakatifu, anayechaguliwa na Makardinali.

Nani humwekea mipaka?

Swali hili ndilo linalotofautisha aina kuu za ufalme.

Kwanza, ufalme wa mamlaka kamili, ambamo neno la mwisho ni la mfalme, kama ilivyo Eswatini na Oman. Hatari yake tunaifahamu kutoka Buganda: Kabaka Mwanga II alipodai utii unaopita dhamiri, Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake walikataa, wakauawa kwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Pili, ufalme wa kikatiba. Hapa mfalme ni alama ya umoja wa taifa, na serikali huongozwa na waziri mkuu, kama Lesotho na Uingereza. Nchi yetu nayo imepitia hali hiyo: tangu uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 hadi ilipokuwa jamhuri mwaka mmoja baadaye, mkuu wa nchi ya Tanganyika alikuwa Malkia Elizabeth II. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani Jamshid; Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakauondoa usultani.

Tatu, ufalme wa kimila, usio na mamlaka ya dola. Uganda ilifuta falme mwaka 1967, kisha ikazirudisha mwaka 1993 kwa namna hiyo. Kwetu, mamlaka ya kiserikali ya machifu yalifutwa mwaka 1963. Heshima ya kimila imebaki.

Fundisho la milima yetu

Zamani Waluguru hawakuwa na mfalme mmoja. Kila ukoo ulikuwa na mkuu wake, aliyegawa ardhi huku akiishi miongoni mwa wale aliowagawia. Waingereza walihitaji watu wa kutawala kwa niaba yao, wakaweka masultani juu ya koo hizo. Mwaka 1955, watu waliposhurutishwa kuchimba matuta ya ngazi, ghasia zilizuka Uluguru, na mpango ule ukaachwa. Amri ilikuwa imepitia kwa wakuu wa wenyeji, lakini haikuwa imetoka kwa watu wala haikuwasikiliza.

Kanisa halilazimishi mfumo mmoja wa utawala. Katekisimu (namba 1901) hufundisha kwamba mifumo mbalimbali yaweza kukubalika, mradi itumikie manufaa halali ya jamii inayoipokea. Tayari Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, ilimwekea mfalme mipaka: asijilimbikizie farasi, wake wala fedha; asome Sheria siku zote, wala moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake.

Mfalme wetu amelitimiza hilo kuliko wote. Hakurithi kiti cha Pilato wala hakuchaguliwa na umati. Aliosha miguu ya wanafunzi wake, akatawala kutoka Msalabani.

Wapendwa, kwa Ubatizo tulipakwa Krisma ili tushiriki ukuhani, unabii na ufalme wake. Basi mjomba anayegawa mashamba ya ukoo, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, mzazi nyumbani, na sisi mapadre parokiani, kila mmoja amekabidhiwa sehemu ya ufalme huo. Tutakapoimba sifa za Kristo Mfalme, tujiulize: mjane na yatima walio chini ya mamlaka yangu, wananiona mtumishi au sultani?